Kwako Kumepungua Nini?

Mpendwa Baba Akinyi,

Nimekaa kwenye kiti chako cha ofisini, kile kinacholalamika ukiegemea nyuma. Mhasibu amenisihi mara nyingi nikibadilishe. Anasema mkuu wa chuo haketi kwenye kiti kinachopiga kelele mbele ya wageni. Mimi namjibu kwamba mimi ni kaimu tu, na kaimu anastahili kiti cha kupiga kelele. Anacheka, lakini najua hapendi.

Barua hii naiandika waziwazi, wakuu wenzako wa vyuo waisome pia. Nimewaomba ruhusa, wakasema niandike, mradi nisiwasingizie. Sina haja ya kuwasingizia. Waliyoyafanya wenyewe yanatosha, ya kuudhi na ya kupendeza.

Unakumbuka ilivyoanza? Akinyi alikuwa bado anatambaa, na chuo chetu hapa ufukweni kilikuwa na madarasa machache ya mabati na hadubini moja ambayo darasa zima liliipangia foleni. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha maabara. Mwanafunzi wa mwisho alipofikiwa na zamu, kile kilichokuwa juu ya kioo kilikuwa kimeshakauka, naye alichora alichosikia wenzake wakisimulia. Ukaamua kwenda chuo kikuu kuomba wanafunzi wetu waruhusiwe kutumia maabara yao siku moja kwa wiki. Ukaambiwa uandike barua. Ukaandika, ukajibiwa kwamba barua imepokelewa. Ukauliza tena, ukajibiwa kwamba imepelekwa kwenye kamati. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukaitupa tai yako juu ya kochi na kuniuliza, "Hawa watu hula samaki?"

Nikakwambia upande huu wa ziwa kila mtu hula samaki.

"Basi nimempata," ukasema, na kesho yake ukampigia simu makamu wa chansela mwenyewe, ukamkaribisha chakula cha mchana.

Nilidhani umerukwa na akili. Lakini Profesa alikuja, na suti yake na dereva wake. Nilikuwa nimeamkia Luanda Kotieno kuchagua samaki wa ngege wakitolewa mashuani, na jasho la jikoni lilikuwa bado usoni mwangu alipoingia. Kabla sijajifuta mikono kwenye leso, ulikuwa umeshachukua jagi la kijani na beseni, umesimama mbele ya mgeni wako kama mhudumu.

Profesa aliruka. "Aa, Principal, wacha. Mimi nitanawa tu hapo nje."

"Bomba ya nje imekauka tangu juzi. Leta mikono, Profesa."

Akaleta. Ukamimina, akapaka sabuni, na mikono yake ilipokuwa imejaa povu ukakatisha maji na kumuuliza kwa sauti ile yako ya upole, "Kwako kumepungua nini?"

Nilitaka kurudi jikoni nikajifiche nyuma ya mlango. Mtu mwenye majengo ya ghorofa na lango lenye walinzi, unamuuliza kumepungua nini! Lakini nilimwangalia, na nikaona kwamba mtu mwenye povu mikononi hana pa kwenda. Hawezi kushika simu, hawezi kutazama saa, hawezi hata kujikuna. Profesa akasema wanafunzi wake wanaosomea samaki wanalijua ziwa kwa picha. Hana ufuko, hana mashua, na hana mwenyeji wa kuwapokea wakija.

"Wengine, yawa, hawajawahi kushika samaki mzima," alisema.

Ulicheka mpaka ukammwagia maji kwenye kiatu.

Tulikula, tukazungumza, na habari ya hadubini hukuigusa. Nilikukonyeza mpaka jicho likachoka. Alipoondoka nilikuwa nimefura. Nikakuuliza ulimwita wa nini basi, nami nimechoma vidole vyangu kwa mafuta tangu asubuhi. Ukaniambia, huku ukichokoa meno, kwamba mwenyeji hasemi shida yake nyumbani kwake. Ukimlisha mgeni halafu ukamwekea shida mezani, samaki humkwama kooni. "Ngoja anialike," ukasema.

Na alikualika. Hakutaka kushindwa adabu na mkuu wa chuo kidogo cha mabati, kwa hiyo alishika jagi mwenyewe, mke wake akiwa ameshika mdomo kwa mshangao, na akakuuliza swali lako lilelile. Hapo ndipo uliposema hadubini. Alhamisi iliyofuata wanafunzi wetu walikuwa kwenye maabara yake wakigombania viti vya mbele, na wiki iliyofuatia wanafunzi wake walikuwa hapa ufukweni wakiogopa kushika mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa letu. Ile kamati sijui kama imeshakutana mpaka leo.

Baadaye akaja Madam Atieno, mkuu wa chuo cha ng'ambo, upande wa Mbita. Alivuka kwa feri na kapu lake mwenyewe, kwa sababu hakuamini kwamba mimi najua kupika omena, dagaa wetu wa huku. Kisha Bwana Rajab, mwenye kile chuo cha ufundi na kompyuta nyuma ya soko la Kondele. Babu yake alipanda na reli kutoka pwani, yeye akazaliwa Kisumu, na Kiluo chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wetu. Kwake tulinawa kwa birika la shaba la bibi yake, na pilau yake ilikufanya ulale njia nzima ya kurudi huku mimi nikiendesha gari.

Mlikuwa wanne, mkizungukiana nyumba kwa nyumba kila muhula ukiisha. Hamkuwa na katibu, wala kipaza sauti, wala jina la kundi. Watu walipouliza mnaitwaje ulisema, "Tunaitwa kula." Lakini nilikuwa naona. Mwalimu wetu wa hesabu akawa anafundisha na ng'ambo, feri ikawa inamjua. Vijana wa Bwana Rajab wakampigilia Madam Atieno vitanda vya bweni kwa mbao alizonunua Profesa. Hakuna aliyeyaita hayo ushirikiano. Kila mmoja alikuwa ametaja upungufu wake na povu mikononi, na waliokuwa mezani hawangeweza tena kujifanya hawakusikia.

Sheria mlikuwa na moja tu, kwamba hakuna kuwakilishwa. Unakumbuka Bwana Rajab alipobanwa na kazi akamtuma naibu wake? Ulimpokea yule kijana vizuri, ukamlisha akashiba, ukamfungia na sahani ya kubeba. Lakini jagi hukulishika. Ulimwonyesha bomba la nje, na wakati wa kuagana ukamwambia, "Mwambie bosi wako amekula lakini hajanawa." Bwana Rajab alikuja Jumapili yake kuomba msamaha, akanawa peke yake sebuleni sisi wote tukimtazama. Mpaka leo akikumbuka hucheka mpaka kofia inamwanguka.

Halafu ukaugua.

Sitaki kuandika mengi kuhusu ile wodi ya Kisumu. Nitaandika habari ya chakula tu. Nilikuwa nimekuletea ugali laini na mchuzi, na kwa kuwa hukuweza kufika kwenye sinki nilikumwagia maji kitandani. Mikono yako ilikuwa imebaki mifupa. Nilikuwa najikaza nisilie, nikaona nikutanie, nikakuuliza, "Kwako kumepungua nini?" Ulifikiri sana, uso umeuweka mzito kama wa kwenye mikutano ya bodi, nikajua sasa unaniusia. Ukasema, "Chumvi."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Tangu siku hiyo hukupata nguvu ya kucheka namna ile tena.

Wenzako walikuja kukuzika wote watatu, na wote walilia. Lakini Baba Akinyi, hata maua ya kaburini hayakuwa yamekauka vizuri walipoanza kuviziana. Wanafunzi walikuwa wamepungua kila mahali, na kila chuo kikaamua kwenda kuwafuata mjini. Profesa akafungua tawi Kisumu. Madam Atieno naye akafungua lake, akapanga vyumba juu ya duka la viatu. Bwana Rajab akaona wamemfuata mpaka mlangoni pake, akaanza kutoa kozi alizokuwa akiwaachia wao. Pale Kondele kuna ukuta mmoja ambapo tangazo la huyu limebandikwa juu ya tangazo la yule, na la yule juu ya la mwingine, mpaka ukuta umenenepa. Nilipita hapo siku moja nikaona pembe ya tangazo letu la zamani ikichungulia chini kabisa.

Zile zamu za nyumbani zikahamia hotelini. Kukawa na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, na maji ya chupa, na bango lenye maneno marefu. Nyuma ya ukumbi kuna mabomba yanayojifungua yenyewe na mashine ya kukausha mikono inayonguruma. Kila mtu ananawa peke yake, anarudi kwenye kiti chake, anasema chuo chake kinaendelea vizuri sana.

Mimi nilikuwa nimeachiwa ukaimu. Wapo waliosema nimerithi kiti kama watu wanavyorithi shamba. Niliwaacha waseme, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi kuliko midomo.

Kisha ziwa likapanda. Maji yalivuka uzio, yakaingia jikoni, yakaingia maabara. Kiboko alilala nyuma ya bweni la wasichana, na kwa mara ya kwanza tangu chuo kianzishwe hakuna msichana aliyechelewa kurudi bwenini. Hilo ungelicheka. Lakini maabara ungeililia. Hadubini zetu, zile tulizozipata moja moja kwa miaka yote hiyo, zilishika kutu na ukungu, na nyaya za umeme ukutani zikawa hazigusiki. Maji yalipopungua kidogo nilifungua mlango, harufu ikanitoa machozi, nikaufunga tena.

Na wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanangojea mtihani wa vitendo. Bila maabara hakuna mtihani, na bila mtihani huo cheti hakuna, hata kama karatasi nyingine zote umezipita. Wasimamizi wa mtihani walikuwa wema. Walikubali vijana wetu wafanyie kwenye maabara za vyuo vingine, kwa sharti kwamba mkuu wa chuo kinachowapokea atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe na abebe dhamana. Sahihi ya naibu haitakiwi. Muda ulikuwa mfupi, nami nikawaalika wenzako watatu hotelini Kisumu, kwa barua rasmi, jina langu na cheo changu chini: Kaimu Mkuu wa Chuo.

Nilifika mapema, nimevaa ile suti ya bluu uliyosema inanifanya nionekane mkali. Wakaingia watu watatu. Hakuna hata mmoja niliyemfahamu.

Wa Profesa alikuwa kijana mwenye heshima zake. "Madam, mimi nimetumwa kusikiliza," aliniambia. "Nimeambiwa nisikubali kitu, na pia nisikatae kitu."

"Hata mimi," akasema mama aliyetoka kwa Madam Atieno. "Boss amesema niandike tu."

Wa tatu, wa Bwana Rajab, alikohoa. "Mimi nimeambiwa niangalie hawa wengine watasema nini."

Nikawaeleza habari ya maabara na vijana wangu. Waliandika kila neno, wakaniambia pole, na nilijua pole zao zilikuwa za kweli. Kisha tukakubaliana kwa kauli moja kwamba kila mmoja akashauriane na aliyemtuma. Nilicheka mpaka kwenye uwanja wa magari, na nilipofunga mlango wa gari nikalia.

Kumbe nilijiponza kwa neno moja, kaimu. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Katika dunia yenu ya wakuu wa vyuo, kaimu akiita mkutano, mkuu kamili haendi kukaa naye meza moja. Anatuma mtu wa kiwango chake. Profesa alifuata itifaki, Bwana Rajab akasikia Profesa haendi, Madam Atieno akasikia wote wawili hawaendi, na hakuna aliyetaka kuwa mkubwa peke yake kati ya wadogo. Ni nyinyi tu mnaoweza kukosea namna hiyo, Baba Akinyi, tena kwa adabu kamili.

Siku zikawa zinakwenda na hakuna aliyepiga simu. Jioni moja Awuor alinifuata kwenye veranda. Huyu ni kiongozi wa darasa la mwaka wa mwisho, na mama yake huanika omena pale Luanda Kotieno, akamsomesha kwa omena tu.

"Madam," aliniambia, "mtihani ya maabara itafanyika kweli? Niambie tu ukweli. Kama haiko, nimwambie mamangu mapema."

"Utamwambia nini?"

"Aache kuhangaika. Hana mwaka ingine ya kulipa. Tuko wengi hivyo, Madam. Tukienda nyumbani hatutarudi."

Nilimwambia akale, akalale, nami nikabaki pale nikikasirika. Niliwakasirikia wao, nikakukasirikia na wewe, maana wewe ndiye uliyewazoesha kukutana kwa sababu yako, ukaondoka. Na katika kukukasirikia huko nikakumbuka kwamba ukumbusho wako sijaufanya. Ile rapar, siku ya ndugu na marafiki kurudi nyumbani kwa marehemu wakala pamoja wakimtaja, nilikuwa naisukuma mbele kila mara kwa sababu ya kazi.

Sikumdanganya mtu. Ukumbusho ulikuwa haki yako, na ndugu zako walikuwa wameshaanza kuninung'unikia. Nilichobadilisha ni namna ya kualika tu. Sikutumia karatasi ya chuo. Niliwapigia simu mmoja mmoja nikasema, "Ni Mama Akinyi. Jumamosi tunamkumbuka Baba Akinyi. Nitapika ngege." Kwenye mkutano mtu hutuma naibu. Kwenye nyumba ya rafiki yako aliyelala, utamtuma nani?

Wakaja. Profesa siku hizi anatembea na fimbo. Madam Atieno alivuka na kapu lake kama zamani. Bwana Rajab alikuja na kofia yake nyeupe na birika la shaba, akalisimamisha mezani. Maombi yalipokwisha nje na ndugu wakaanza kugawiwa chakula kwenye hema, niliwaingiza hao watatu sebuleni. Walikaa kwenye kochi moja kama mashemeji waliogombania ng'ombe, kila mmoja akitazama picha yako ukutani ili asimtazame mwenzake.

Nikalichukua jagi la kijani. Mpini wake ulishavunjika, umefungwa kwa waya. Najua mwanamke akiwamwagia wageni maji hakuna anayeshtuka, ni kazi ambayo watu wamezoea kutuona tukiifanya. Kwa hiyo nilingoja povu. Profesa alipojaa povu nikakatisha maji, nikasema, "Profesa, kwako kumepungua nini?"

Aliinua uso akanitazama, na macho yake yakawa mekundu papo hapo.

"Walimu," akasema. "Wale wazuri wanaenda. Mimi nafungua branch town ndio nipate kulipa hao wamebaki. Si ati napenda."

Nikasogea kwa Madam Atieno. Yeye huniita binti wa Bondo, kwa nilikozaliwa. "Wanafunzi, nyar Bondo. Hosteli iko, vitanda iko, maabara iko, watu hakuna. Usiku ile bweni inaniogopesha. Nilienda kuwatafuta huko Kisumu kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na uoga."

Bwana Rajab aliomba anawe kwa birika lake. Nikammwagia. "Mahali," alisema taratibu. "Mwenye jengo anataka jengo lake. Sijawaambia walimu. Hata mke wangu sijamwambia."

Madam Atieno akageuka. "Rajab! Na ulinyamaza?"

"Ningemwambia nani? Tulikuwa tunaongea na nyinyi?"

Nilikuwa nimeingia na hasira yangu nimeihifadhi vizuri tangu ile siku ya hotelini, nikaitafuta nisiione. Niliwaona watu watatu wenye vyeo vikubwa na suti nzuri ambao kila mmoja alikuwa akilala na hofu yake chumba cha peke yake. Niliwaonea huruma. Niliwapenda pia, nisifiche. Nikaweka jagi chini nikaanza kufunua vyakula, kwa sababu nilikuwa nimefika mwisho wa sheria yako. Pale palikuwa kwangu, na mwenyeji hasemi shida yake.

Profesa akasimama. Fimbo aliiacha kwenye kochi, akaliokota jagi.

"Mama Akinyi, leta mikono."

"Profesa, hapa ni kwangu. Unajua sheria."

"Hapa ni kwa omera wangu, ndugu yangu," alisema, akikuonyesha kwa kidevu pale ukutani. "Leo wewe ni mgeni wake, kama sisi tu. Leta mikono."

Nikaleta. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilijipaka sabuni kichwa kikiwa na hotuba yote niliyokuwa nimeipanga kwa wiki nzima, maabara, sahihi, dhamana, muda. Akakatisha maji. "Kwako kumepungua nini?"

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Kumepungua yeye."

Nililia, Baba Akinyi. Nililia na povu mikononi, siwezi hata kujifuta, pua inatiririka mbele ya makamu wa chansela. Profesa alisahau akaendelea kumimina mpaka beseni likafurika na mkeka ukalowa. Madam Atieno akaja akanifuta uso kwa leso yake akisema, "Mos, nyar Bondo, mos," na mos ni pole yetu ya huku. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilipopata pumzi nikawaambia mengine: ziwa, kutu, Awuor na mama yake, na zile sahihi.

Bwana Rajab alikunja uso. "Na mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia manaibu wenu."

Kumbe ripoti za manaibu hakuna aliyekuwa amezisoma. Wakatazamana.

"Barua ilisema kaimu," Profesa akasema polepole, kama anayejisomea kosa lake. "Nikaona itifaki..."

"Mimi nilisikia wewe hukuji!" akasema Madam Atieno.

"Na mimi nilisikia nyinyi wote hamkuji!" akasema Bwana Rajab.

Madam Atieno ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, kofia ya Bwana Rajab ikaanguka, na ndugu zako kule nje wakadhani tumechanganyikiwa na majonzi. Nikawakaribisha chakula. Profesa akakataa kukaa. Alitaka kwanza zile karatasi za dhamana.

"Kula kwanza, Profesa, samaki zinapoa."

"Samaki itanikwama," alisema.

Basi wakatia sahihi, yeye na Madam Atieno, juu ya meza ya chakula, kati ya mboga na pilipili. Karatasi zilishika maji ya mikono, na zile za mwisho zilinuka ngege kwa sababu uvumilivu wa kungoja kula ulikuwa umeisha. Wasimamizi walizipokea hivyohivyo.

Nusu ya vijana walikwenda kwenye maabara ya Profesa. Nusu walivuka kwenda kwa Madam Atieno wakalala kwenye lile bweni lililokuwa likimtisha, na alinipigia simu usiku wa kwanza kunisikilizisha makelele yao tu. Bwana Rajab hana maabara, lakini alituletea vijana wake wa umeme wakavua nyaya zote zilizooza na kuweka mpya juu kabisa ya ukuta, ziwa likija lisizifikie. Naye nimemwambia aanze kuhamishia darasa moja kwenye madarasa tuliyonayo mlimani, yasiyotumika tangu wanafunzi wapungue, wakati akitafuta jengo.

Asubuhi ya kuvuka niliwasindikiza Luanda Kotieno. Mama yake Awuor aliacha omena zake juani akaja na mikono yake yenye magamba, akasimama ukingoni hakumgusa mtoto, aliogopa kuchafua koti lake jeupe la maabara. Awuor alimkumbatia hivyohivyo. Feri ikaondoka, na yule mama akanigeukia akasema, "Ero kamano," yaani asante, kisha akarudi kugeuza omena. Mtihani umekwisha na matokeo bado. Awuor ananiambia aliona kila kitu kwenye hadubini, hata vitu ambavyo hawakuuliza.

Wenzako hawajageuka malaika. Ule ukuta wa Kondele bado unanenepa, na juzi Profesa na Bwana Rajab walirushiana maneno kuhusu kozi ya uhasibu. Lakini hoteli tumeiacha. Zamu ijayo ni ng'ambo kwa Madam Atieno. Mhasibu ameniona nilivyozidiwa na kazi, akapendekeza nimtume naibu wangu. Niliegemea nyuma, kiti kikapiga kelele yake, nikamwambia mikono ya kunawa ni hii yangu.

Jagi nimelirudisha nyuma ya mlango, mahali pake. Mpini bado ni wa waya. Nenda ukapumzike sasa, mume wangu, na ukiulizwa huko habari za huku, sema kwetu bado kumepungua mtu. Chumvi inatosha.

Mkeo,
Mama Akinyi